Kasi ya Upakuaji kwenye Seva Tunazoziendesha Wenyewe

Mhadhara kwa wakutubi, watunza nyaraka, watangazaji wa redio za jamii na wanafunzi, Dar es Salaam

  

Nimeombwa nizungumzie tatizo ambalo wengi wenu mnaishi nalo. Taasisi imenunua seva, imeiweka kwenye chumba chake, imepandisha vitabu, hotuba na rekodi zake mtandaoni, halafu wasomaji wanalalamika kwamba kupakua faili moja kunachukua nusu saa. Ofisini jibu la kwanza huwa ni kununua intaneti kubwa zaidi. Kusudi langu jioni hii ni kuonyesha kwamba jibu hilo lingefaa liwe la mwisho. Kasi anayoipata msomaji hutokana na mambo mengi, na sehemu kubwa ya mambo hayo imo mikononi mwa mwenye seva, bila kuongeza hata shilingi kwenye bili ya mwezi.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Anayepakua kitabu chetu akiwa Kigoma au Lindi analipia kila megabaiti kutoka kwenye bando lake. Tunapoacha faili ikiwa nzito mara tano ya inavyostahili, yeye ndiye anayelipa, na mara nyingi ni mwanafunzi.

Hoja ya kwanza: Msomaji anapakua kwa kasi tunayopakia sisi

Msomaji anapovuta faili, ni seva yetu inayoisukuma. Kwa hiyo namba inayomhusu msomaji ni ya upande wa kupandisha data kwenye laini yetu, na hiyo ndiyo namba ambayo matangazo huiandika kwa herufi ndogo. Laini nyingi za nyumbani na za ofisi ndogo ziliundwa kwa ajili ya watu wanaosoma na kutazama. ADSL, intaneti ya waya wa simu ya mezani, ilitenga sehemu kubwa ya masafa kwa kushusha na sehemu ndogo kwa kupandisha. Hata ADSL2+, inayoweza kushusha hadi megabiti 24 kwa sekunde, kwa kawaida hupandisha kiasi cha megabiti moja tu. Intaneti ya simu ina mwelekeo huo huo, na baadhi ya vifurushi vya fiba pia. Mkataba ukiandika 20, ulizeni ni 20 ya upande upi.

Ulizeni na kipimo. Watoa huduma huuza megabiti, nasi faili zetu tunazipima kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Laini ya megabiti 10 hupitisha MB 1.25 kwa sekunde, tena siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Tuchukue mfano nitakaoutumia mara kadhaa. Redio ya jamii imerekodi mazungumzo ya saa moja na wazee wa mji na kuyahifadhi kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Zidisha 128,000 kwa sekunde 3,600, gawa kwa nane: MB 57.6. Laini ikiwa inapandisha megabiti 2, msikilizaji mmoja atasubiri karibu dakika nne. Mtangazaji akiitaja faili hiyo hewani na watu kumi wakaingia kwa pamoja, kila mmoja atasubiri dakika 38. Hapo hakuna kifaa kilichoharibika, na fundi mkimwita hataona kosa lolote. (Naona wengine mnaziandika namba hizi. Ziwekeni, tutazirudia.)

Laini ya kupandisha ikijaa, kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa urahisi. Rauta huanza kuziweka pakiti kwenye foleni ndefu, na hapo hata anayetaka ukurasa mdogo wa maandishi anasubiri nyuma ya rekodi nzima. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mwaka 2012 utaratibu wa kuisimamia foleni hiyo, uitwao CoDel, na toleo lake la fq_codel limo ndani ya Linux na ndani ya rauta nyingi zinazotumia OpenWrt. Liwasheni, kisha wekeni kikomo cha kupandisha chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, tuseme asilimia 90. Mtapoteza kidogo kwenye kilele, lakini ukurasa mdogo utaacha kukwama.

Hoja ya pili: Umbali una bei, na hauondolewi kwa kununua laini pana

Hapa ndipo nataka tukae kwa muda, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Mwanga ndani ya fiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya SEACOM iliyofika hapa Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010, zilitutoa kwenye utegemezi wa setilaiti, ambazo kwa kuwa ziko karibu kilomita 36,000 juu yetu zilikula takriban nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Hata hivyo kilomita hazikufutika. Njia ya kebo yenye kilomita 10,000 kutoka hapa hadi Ulaya inachukua milisekunde 100 kwenda na kurudi kwa hesabu ya fizikia peke yake. Kwa mizunguko ya njia na vituo vya kati, mara nyingi hufika 150 na zaidi.

Sasa, data haisukumwi yote kwa mkupuo. Itifaki ya TCP humtaka mtumaji atume kiasi fulani, asubiri taarifa kwamba kimepokelewa, ndipo aendelee. Fikirini dau linalopakua magunia kutoka kwenye meli iliyotia nanga mbali: mlango wa bandari uwe mpana utakavyo, magunia yatakayofika pwani kwa siku yanategemea ukubwa wa dau na muda wa kwenda na kurudi. Kwenye TCP ya awali dau hilo halikuzidi baiti 65,535. Kwa safari ya milisekunde 150, hiyo ni megabiti 3.5 kwa sekunde kwa kila muunganisho, hata kama umelipia laini ya megabiti 100. Kuijaza laini hiyo kwa umbali huo kunahitaji takriban MB 1.9 ziwe njiani kwa wakati mmoja. Upanuzi unaoruhusu hivyo uliandikwa mwaka 1992, na mifumo ya leo huutumia yenyewe, isipokuwa pale ambapo programu ya zamani au fundi aliyenakili mipangilio ya miaka mingi iliyopita amefunga kiwango hicho kwa mkono. Kama seva yenu inatuma kwa kasi ile ile ndogo saa tisa usiku kama ilivyo saa nne asubuhi, angalieni hapo kwanza.

Kwa nini TCP ina tahadhari kiasi hicho? Oktoba 1986, mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, sehemu mbili zilizoachana kwa mita zisizofika 400, yalianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilikuwa ikirudia kutuma kilichopotea, na kwa kurudia huko ikaongeza msongamano uliosababisha upotevu. Jacobson na Michael Karels walilichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 wakachapisha tiba: anza na kidogo, ongeza kadiri unavyopata majibu, punguza ukiona pakiti zimepotea. Intaneti nzima inasimama juu ya nidhamu hiyo mpaka leo, na ninaiheshimu sana.

Lakini ina gharama yake. Muunganisho mpya kwa kawaida huanza na pakiti 10, kiasi cha KB 14.6, kisha hujiongeza maradufu kila safari: 10, 20, 40, 80. Ukurasa wa KB 200 unahitaji safari nne. Ongezeni safari moja ya kusalimiana na nyingine ya kufunga njia ya siri kwa TLS 1.3: sita. Kwa milisekunde 150 hiyo ni sekunde 0.9; kwa seva iliyo milisekunde 10 kutoka kwa msomaji, ni sekunde 0.06. Laini ni ile ile, ukurasa ni ule ule. Wanaotumia TLS 1.2 wanalipa safari moja zaidi bila faida yoyote, basi sasisheni seva zenu.

Pakiti zikipotea njiani mambo huwa mabaya zaidi. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walitoa kanuni inayounganisha kasi, umbali na upotevu. Tukiitumia kwa milisekunde 150 na pakiti moja inayopotea katika kila 100, tunapata takriban kilobiti 950 kwa sekunde. Hizo ni chini ya megabiti moja, na upotevu wa kiasi hicho ni wa kawaida kwa mtu aliye pembezoni mwa mnara wa simu. Ndiyo maana wahandisi wa Google walitoa mwaka 2016 utaratibu wa BBR, ambao hupima uwezo wa njia badala ya kuogopa kila pakiti iliyopotea. Umo ndani ya Linux tangu toleo la 4.9, na unawashwa kwa mistari miwili ya mipangilio upande wa seva tu. Msomaji hahitaji kubadilisha chochote. Kwa seva inayohudumia watu wa simu, naupendekeza bila kusita.

Hoja ya tatu: Punguza uzito kabla ya kuongeza nguvu

Rudini kwenye ile rekodi ya wazee. Sauti ya mtu anayezungumza haihitaji kilobiti 128 wala njia mbili za sauti. Mkiigeuza kuwa MP3 ya njia moja kwa kilobiti 64, inashuka hadi MB 28.8, na hakuna simu itakayoikataa. Mkitumia Opus, iliyosanifiwa mwaka 2012 na inayofaa mno kwa mazungumzo, kilobiti 24 zinatosha kwa maneno kusikika wazi: MB 10.8. Wale watu kumi waliokuwa wakisubiri dakika 38 sasa wanasubiri dakika saba na sekunde chache, kwa laini ile ile ya megabiti 2. Rekodi ya asili yenye ubora kamili itunzeni kwenye hifadhi, isiguswe. Inayogawiwa iwe nakala nyepesi. Taarab ni suala jingine. Huko njia mbili na kilobiti za kutosha zinahitajika, na sitaki mtu aondoke hapa akambane mpiga kanuni kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Vitabu vilivyoskaniwa ndivyo vinavyonisikitisha zaidi. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una nukta karibu milioni 8.7. Ukiskaniwa kwa rangi, kila nukta inachukua baiti tatu, yaani MB 26 kabla ya kubanwa. Ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe, kila nukta ni biti moja: MB 1.1. Tofauti ni mara 24 kabla hata hatujaanza kubana, na ukurasa wa maandishi matupu, ukibanwa kwa njia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo kama JBIG2, hushuka hadi makumi ya kilobaiti. Kitabu cha kurasa 200 kinaweza kuingia katika MB chache. Hata hivyo naona vitabu vya maandishi matupu vilivyoskaniwa kwa rangi, manjano ya karatasi na madoa ya chai yakiwamo, vikiwa na mamia ya megabaiti. Kwa hati ya kale ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambamo wino mwekundu una maana yake, rangi ibaki. Kwa kitabu cha kiada, hapana.

Picha ni rahisi. Simu hupiga picha ya nukta 4,000 kwa 3,000. Ukurasa unaionyesha kwa upana wa 400. Ikipunguzwa kuwa 1,200 kwa 900, inabaki na nukta pungufu mara 11 na jicho halioni tofauti kwenye simu.

Maandishi yenyewe, yaani HTML, mitindo na JavaScript, yakibanwa kwa gzip mara nyingi hubaki theluthi au robo, na Brotli hupunguza zaidi. Hapa kuna mtego mmoja. Programu ya seva iitwayo nginx, ukiiwashia kazi ya kubana, hubana kurasa za HTML peke yake mpaka uzitaje aina nyingine kwenye mipangilio. Nimeona seva nyingi ambazo wenyewe wanaamini zinabana kila kitu. Na msijaribu kubana tena MP3, JPEG au ZIP. Zimekwisha kubanwa, mtaichosha seva bure.

Hoja ya nne: Faili iliyokatika iendelee pale ilipokatika

Msikilizaji amepakua asilimia 90 ya ile rekodi ya MB 57.6, bando likakatika. Akinunua jingine, ama atamalizia MB sita zilizobaki, ama ataanza upya na kuzilipia tena zile 52. Itifaki ya HTTP 1.1, ya tangu miaka ya 1990, inamruhusu msomaji kuomba sehemu tu ya faili, na seva kama Apache na nginx hulitekeleza ombi hilo bila kuambiwa. Basi kwa nini tovuti zetu nyingi hushindwa?

Kwa sababu tumeweka kitu katikati. Taasisi inataka kuhesabu vipakuliwa, au kumtaka msomaji ajiandikishe, basi faili inapitishwa kwenye hati ya PHP inayoisoma na kuimwaga. Hati hiyo, isipoandikwa kwa uangalifu, haijui kutoa sehemu. Zaidi ya hapo, kila anayepakua hushikilia kumbukumbu ya seva muda wote, na watu ishirini wenye mtandao wa polepole wanatosha kuilemaza mashine. Dawa ni kuiacha hati ihesabu na kukagua ruhusa, kisha iikabidhi nginx kazi ya kutoa faili kupitia kichwa cha X-Accel-Redirect. Kwa Apache kuna moduli ya ziada ya X-Sendfile kwa kazi hiyo hiyo. Ni kazi ya alasiri moja kwa kijana yeyote anayejua seva. Kama kuna jambo moja mtakalolifanya kutokana na mhadhara huu, nawasihi liwe hili.

Hoja ya tano: Nakala iwe karibu na wasomaji walipo

Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki jijini Nairobi, ili barua pepe kati ya Wakenya wawili isilazimike kupanda setilaiti na kuzunguka ughaibuni. Haukupita muda mrefu kikafungwa kwa amri ya mdhibiti, baada ya malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha trafiki ya kimataifa. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Hapa Dar es Salaam, kituo chetu cha TIX kilianza mwaka 2004. Vituo hivi havionekani na watu wengi, ila bila hivyo, seva iliyo Posta na msomaji aliye Mbezi wanaweza kuwasiliana kupitia Ulaya.

Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani hapa mjini ulifunga milango kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Seva iliyo nchini, kwa mtoa huduma anayebadilishana trafiki TIX, haihitaji kebo ya baharini kumfikia msomaji wa Morogoro. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwatetea wanaoendesha seva zao hapa hapa.

Sisemi kila kitu kikae hapa peke yake. Wasomaji wetu wapo Muscat, London na Toronto, na kwa hao mitandao ya kusambaza nakala inafaa. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo sehemu nyingi duniani, Nairobi na Mombasa zikiwamo, na ina huduma isiyolipiwa, ingawa kwa mipangilio yake ya awali haihifadhi kurasa za HTML, huhifadhi picha na faili za mitindo. Kwa mkusanyo mkubwa wa rekodi, BitTorrent ya Bram Cohen, ya mwaka 2001, bado ni njia ya heshima: kila anayepakua humsaidia anayefuata. Na kwa yule anayerudi kila wiki, seva imwambie kivinjari kihifadhi nakala za faili zisizobadilika kwa mwaka mzima. Kupakua kwa haraka kuliko kote ni kule kusikohitajika.

Naona saa. Nimalizie kwa yaliyo mbele yetu.

HTTP/3, iliyokamilishwa mwaka 2022, inapunguza zile safari za kusalimiana na haikwamishi faili zote kwa sababu ya pakiti moja iliyopotea. Nginx tayari inaiweza, na wanafunzi waliomo humu wanaweza kuijaribu tangu sasa. Wakati huo huo, roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya kufunza akili bandia zimeanza kuzielemea seva ndogo duniani kote, na kumbukumbu za seva zenu zitawaonyesha kama nanyi mmo. Wekeni kikomo cha miunganisho kwa kila anwani kabla hamjaongeza laini.

Ombi langu kwenu ni dogo na lina tarehe. Kabla ya mwezi huu kwisha, zimeni Wi-Fi ya ofisi, chukueni simu ya kawaida yenye bando la kawaida, na pakueni faili kubwa kuliko zote kwenye tovuti yenu wenyewe. Andikeni ukubwa wake, muda uliotumika, na kama iliendelea mlipoikata katikati. Kikao chetu kijacho tuanze na namba hizo mezani, kila taasisi na zake, ndipo tujadili nani anahitaji kununua nini.